Shekhe wa Kiuighur aliyehama, kawaacha watu wake?

Kuna hoja nakutana nayo sana, eti mashekhe wa Kiuighur, yaani Waislamu wa jimbo la Xinjiang huko China, waliokimbilia Cairo na Istanbul wamewatelekeza watu wao, bora wangebaki Xinjiang wafundishe dini hivyohivyo kwa kubanwa. Mi siipuuzi, ina uzito wake. Shekhe Muhammad Salih Hajim alibaki, akatafsiri Qurani kwa Kiuighur ikachapishwa miaka ya 80 na serikali ya China ikairuhusu, kitabu kikaingia majumbani kwa watu, sasa nani aliyeko nje angeweza hilo? Ila angalia mwisho wake jamani, mzee kafia kizuizini Januari 2018 akiwa na miaka 82. Kama huyo aliyepita njia halali yamemkuta, ustadhi wa kawaida wa Kashgar, mji wa hukohuko Xinjiang ambako mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kusomeshwa dini, ana usalama gani?

China nayo inasema inapambana na ugaidi, na shambulio la mji wa Kunming la 2014, ambalo China iliwalaumu Wauighur, lililoua watu 31 si hadithi, na Wauighur waliokwenda kupigana Syria wapo kweli. Shida ya hao China wanamchanganya mpiganaji na mtu anayesoma nahau ya Kiarabu, wana orodha ya nchi 26 za kutiliwa shaka, ukiwa umefika huko au una ndugu huko tu unahojiwa, na Kenya yetu imo.

Halafu huko nje kwenyewe si salama kihivyo. Julai 2017 polisi wa Misri waliwazoa wanafunzi wa Kiuighur wa Al-Azhar, chuo cha Kiislamu cha Cairo, majumbani na kwenye migahawa, wengine wakadakwa uwanja wa ndege wakikimbia, baadhi wakarudishwa China.

Walau Istanbul, mitaa kama Zeytinburnu na Sefaköy, darsa zinaendelea, ingawa mtoto shuleni anasoma Kituruki kwa herufi za Kilatini kwa hiyo ustadhi akimfundisha alifu na be inabidi aifanye mara mbili, kwanza ya Qurani halafu ya Kiuighur maana nacho kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu ila irabu zote zinaandikwa. Elimu inabaki, lakini kijiji kizima hakihamishiki.

Mi nipo upande wa aliyehama. Julai 2019 nchi 37 ziliiandikia Umoja wa Mataifa kuitetea China kwa hayo ya Xinjiang, Misri na Saudia zimo, Burundi na Kongo ya Kinshasa zimo, sasa lawama za kuwatelekeza watu mbona zinamshukia shekhe peke yake?