Mathayo wa Assisi aachwe na mapengo yake

Juu ya altare ya kanisa la juu, katika Basilika ya Mtakatifu Fransisko mjini Assisi, Italia, mchoraji Cimabue aliwachora darini wainjili wanne. Leo wanatambulika watatu. Mahali pa Mathayo pana dari tupu lenye madoa ya rangi hapa na pale, na mahujaji wengi huondoka wakisema mafundi waliishia njiani.

Tetemeko la 26 Septemba 1997 lilipiga usiku, likarudi kabla ya adhuhuri wakati watu wakiwa ndani wanakagua nyufa. Sehemu mbili za dari ziliporomoka na kuua wanne, watawa wawili na wataalamu wawili. Mathayo akawa vipande vipatavyo 120,000. Mafundi wa taasisi ya ukarabati ya Roma, wakiongozwa na Giuseppe Basile, walivichambua kwa miaka mingi, na mwaka 2006 vilivyotambulika vikarudishwa juu.

Wanaotaka pengo lijazwe hawasemi upuuzi. Kanisa si makumbusho. Picha ile iliwekwa pale muumini amwone Mathayo, na madoa hayamwonyeshi. Picha zilizopigwa kabla ya tetemeko zipo. Isitoshe, mnara wa Mtakatifu Marko ulioanguka Venezia mwaka 1902 ulijengwa upya vilevile, na nani leo anaulalamikia?

Lakini mnara ni matofali na vipimo. Tazama Kusulubiwa kwa Yesu, kazi ya Cimabue huyohuyo katika bawa la kushoto la kanisa hilohilo. Alitumia rangi nyeupe ya risasi, nayo ikageuka nyeusi kadiri karne zilivyopita, hata leo nuru na kivuli vimebadilishana mahali. Hakuna anayethubutu kuzipaka upya nyuso zile. Sasa mjazaji wa Mathayo angemfuata Cimabue yupi? Yule wa karne ya 13, ambaye hakuna kamera iliyomwona? Huko ni kubahatisha. Au yule aliyepigwa picha katika karne ya 20, akiwa ameshachakaa? Huko ni kuuiga uchakavu kwa brashi mpya. Na hapa Assisi kosa hilo lingegharimu zaidi, maana wataalamu bado wanabishana kama picha za maisha ya Fransisko, katika kuta za kanisa hili, ni za mchoraji Giotto kweli, na sehemu ya ushahidi wao ni chokaa na nyayo za brashi.

Ipo njia ya kati, ambayo Waitalia wameizoea: kujaza kwa vistari vyembamba vya rangi ya maji, vinavyoonekana ukisogea na kupotea ukiwa mbali. Pengo likiwa dogo, hufaa sana. Kwa Mathayo pengo limezidi picha yenyewe, kwa hiyo vistari ndivyo vingekuwa mchoro, na jina la Cimabue lingebandikwa tu juu yake.

Anayetaka kumwona mwinjili mzima aonyeshwe picha ya zamani, tena kubwa, pale chini anaposimama. Brashi isipande darini.