Mpulizaji: sifuri

Daftari la mjomba wangu kule Tandahimba lina ukurasa mmoja unaonikera mpaka leo. Ni wa Juni 2017: salfa imeandikwa, petroli ya mashine imeandikwa, halafu "mpulizaji: 0". Mjomba alikuwa hana kitu. Kijana akakubali kupuliza shamba zima bila ujira, ila mwakani awe na haki ya kuuziwa mikorosho kumi ya bondeni kwa bei waliyopatana siku ile, hata ikipanda mara mbili.

"Sijatoa hata senti," mjomba huniambia. "Gharama iko wapi?"

Wakubwa wa kampuni za teknolojia Marekani walisema hivyo hivyo. Waliwalipa wafanyakazi haki ya kununua hisa kwa bei iliyofungwa, na kwenye hesabu ya faida wakaandika sifuri. Waweka viwango vya uhasibu walipotaka kuukomesha mchezo huo, Seneti ilipiga kura 88 kwa 9 kuwapinga, mwaka 1994, nao wakarudi nyuma. Ilibidi Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani iliyopotosha hesabu zake, ianguke kwanza, 2001, ndipo masikio yakazibuka. Mwaka 2004 kikatoka kiwango cha kimataifa, IFRS 2: haki hizo ni gharama, na zikadiriwe siku zinapotolewa. Wahasibu wetu Tanzania nao wanafuata viwango hivyo.

Mimi niko upande huo. Yule kijana hakupuliza kwa mapenzi. Kalipwa, na mjomba ndiye aliyemlipa, kwa kumegua faida yake ya kesho. Eti thamani ya haki hiyo haijulikani! Mashine ya kupulizia nayo inachakaa kwa shilingi ngapi kwa mwaka? Tunakisia, na tunaandika.

Kilichonisumbua ni kingine. Mwaka 2018 soko la korosho likavurugika mpaka Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kilo. Kijana akasema mikorosho haitaki tena. Kwa kiwango kile cha uhasibu, gharama haifutwi hata hapo.

"Umeona?" mjomba akacheka. "Sifuri yangu ilikuwa sawa."

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikamuuliza: siku ile ile mliyopatana, mjomba, ungemwomba akurudishie ahadi yako, angekurudishia bure?

Akanyoosha mkono, akadai daftari lake.