Tumbili hana kosa, pipa lako ndilo lenye kosa

Kuna picha za matangazo zinazonichefua. Hoteli ndogo, msitu nyuma yake, mgeni amekaa verandani anampa tumbili ndizi, na mhudumu pembeni anachekelea. Baada ya miezi michache hoteli hiyohiyo inatafuta mtu wa kutega mitego kwa sababu "tumbili wamekuwa wakorofi". Wamekuwa! Mmewafunza wenyewe, tena kwa ndizi zenu.

Tumbili akishapewa mara mbili tatu haombi tena, anadai. Dume akinyimwa hufunua meno. Mgeni, masikini, anadhani anachekewa, naye anacheka, meno nje, macho kwa macho. Kwa tumbili huo ni uchokozi. Anayeng'atwa kirahisi ni mtoto, kwa kuwa kimo chake ni kidogo na biskuti iko mkononi. Halafu kuna jambo ambalo matangazo hayalitaji: mafua, surua na kifua kikuu hutoka kwetu pia kwenda kwao.

Kuwatega na kuwahamisha? Chakula kikibaki palepale, kundi jingine litakuja kurithi. Manati? Watamjua askari mwenye manati na kusubiri zamu yake iishe.

Kazi yenyewe iko jikoni na kwenye taka. Pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubonyeza ni sawa na kutokuwa na pipa. Weka la chuma, kifuniko chenye bawaba na komeo linalotaka mikono miwili, na ulikaze kwa boliti kwenye sakafu ya zege, maana pipa likipinduliwa komeo hulegea. Mapipa yote yakae ndani ya kibanda chenye wavu wa chuma pande zote na juu. Juu ndiko wengi husahau, na tumbili huanzia hukohuko. Panya mdogo wa nyumbani hupenya upenyo wa milimita 6 hivi, kwa hiyo matundu ya wavu yawe madogo kuliko hapo. Mabaki yatoke jikoni kabla giza halijaingia, si kesho yake asubuhi. Usiku huja fungo na panya, na nyuma ya panya huja nyoka. Kisha osha chini ya pipa. Yale majimaji yanayovuja ndiyo yanayoita nzi na sisimizi, hata kama kifuniko kimefungwa vizuri.

Vyumbani, ondoa sinia la sukari na biskuti mezani, uvitie kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Wavu wa mbu haumzuii tumbili, anauchana tu. Funga kizuizi ili dirisha lisifunguke kupita upana wa ngumi. Matawi yanayogusa paa yakatwe, hayo tu. Msitu wenyewe uacheni.

Sumu ya panya ya kuzuia damu kuganda hubaki kwenye ini la panya, bundi akimla naye anaathirika. Yaani unalipa pesa kumuua mwindaji wako wa bure. Ziba matundu kwa saruji na waya, tumia mitego ya kubana.

Taa za nje ziwe za manjano iliyofifia na zitazame chini. Nyeupe huita wadudu.

Haya, nakubali kwa shingo upande: wageni wamelipa ili waone wanyama, na hoteli isiyo na mnyama machoni ni nyumba ya kulala tu. Basi panda miti ya asili inayozaa matunda mbali na majengo, weka benchi na darubini, uwe na subira ya miaka. Ila mpapai kando ya veranda ni bafe yenye majani.

Na mtu akishang'atwa, meneja asianze na fomu ya kusaini. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo, daktari aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje eti kwa sababu mnyama anaonekana mzima. Wenye hoteli katika nchi za Asia zenye makaki, jamii ya kima wa huko, wamtajie daktari aina ya mnyama, kwa sababu makaki hubeba virusi vya herpesi B. Ni nadra kumwambukiza binadamu, lakini akiambukizwa na akakosa tiba ya haraka, mara nyingi huua.