Hiace ya Daktari wa Osaka

Mjomba wangu Hajji ana Toyota Hiace nyeupe, na kwa miaka mitatu hapa Bombo hakuna aliyekaa naye kibarazani dakika kumi bila kusikia nasaba yake. Hiace hiyo, kwa maneno ya Mjomba, ilikuwa ya daktari mmoja mwanamke wa Osaka. Alikuwa akiiendea zahanati asubuhi na kurudi nayo jioni, hana mume, hana watoto, hapakii mizigo. "Hii si taksi," husema Mjomba akiipiga bodi kwa kiganja. "Imetoka Japani, ikashuka Mombasa, ikapanda moja kwa moja hadi hapa. Rangi ni ile ile ya kiwandani."

Wasomaji wa nje mnisikilize hapa. Uganda tukisema taksi hatumaanishi gari dogo la kukodi. Ni matatu ya Kenya, ni daladala ya Tanzania: Hiace nyeupe ya abiria 14, iliyozungushiwa mkanda wa miraba ya buluu kama ubao wa drafti.

Sikumbishia. Nilijiuliza tu kimoyomoyo kwa nini mlango wa kuvuta wa daktari ulikuwa mwepesi kiasi kile. Ukiugusa unakimbia wenyewe mpaka mwisho, kama uliozoea kufunguliwa mara mia kwa siku. Lakini mimi ni mtoto wa dada yake, na kuna mambo mpwa hamuulizi mjomba wake.

Basi binamu yangu akapata mchumba Luweero. Nikaha ikapangwa Jumamosi baada ya adhuhuri, na Hiace ndiyo ya kumpeleka bwana harusi. Jumatatu Mjomba akaizunguka, uso umekunjana. Jua, vumbi letu jekundu na matambara ya woshingi bei, kule kwa waosha magari, vilikuwa vimeifanya nyeupe ya chaki. Ukipitisha kidole kinatoka na unga. Ukiitazama juani unaona mikwaruzo ya duara bodi nzima, kama utando wa buibui.

"Wewe si fundi?" akaniuliza.

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda karibu na steji, na sifa yangu kubwa mjini ni kusugua vioo vyenye mikwaruzo kwa dawa ya meno. Lakini nilikuwa nimetazama video tatu za Mzungu anayeng'arisha magari huku kinanda kikilia polepole, na nikaona gari ni simu kubwa tu. Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Akanihesabia shilingi laki moja na nusu.

Jumanne nikapanda taksi, ya kweli, yenye miraba, nikashuka Kampala na kuingia soko la Kisekka, kwenye vipuri. Luganda yangu ni ya kununulia nyanya, kwenye mashine hunikauka. Na ukizungumza Kiswahili Kampala, muuzaji hukuweka katika moja ya mafungu mawili: Mkenya, ambaye bei yake hupanda, au mwanajeshi, ambaye bei yake hupanda pia ila kwa heshima. Niliposema natoka Bombo, penye kambi, nikawa "Afande" papo hapo, nikaletewa na kiti.

Lazima niseme ukweli: yule muuzaji alijua kazi yake, na hakunidanganya hata neno moja. Aliweka mashine mbili mezani. Ya kwanza kichwa chake kinazunguka mahali pamoja, kama jiwe la kunolea. Ina nguvu, inafuta mikwaruzo upesi, lakini joto linajikusanya sehemu moja. Mkono ukilala kidogo, rangi imekwenda. Ya pili inazunguka huku inayumba, kama mtu anayecheza ngoma na kuchotea maji wakati mmoja. Ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka, inatetemeka tu.

"Hii inamsamehe asiyejua, Afande," akasema. Nilikasirika kidogo.

Akanieleza kwamba magari mengi yana vanishi juu ya rangi, mafundi wanaiita klia, na hiyo klia ni nyembamba kuliko karatasi ya gazeti. Kila ukisugua, unaila. Kwanza unaosha, kisha unapitisha ule udongo maalumu unaonasa uchafu usiotoka kwa sabuni, halafu kampaundi, dawa ya kusugulia, kwa pedi kali, polishi kwa pedi laini ya sponji, mwisho nta. Kingo zote na raba unazibandika kanda ya karatasi, kwa sababu kwenye kingo ndiko rangi ilikokaa nyembamba zaidi.

"Gari ni rangi gani?"

"Nyeupe. Hiace ya zamani."

"Nyeupe za zamani nyingi hazina klia, ni rangi tupu. Pedi itatoka nyeupe, usiogope. Lakini ikitoka rangi nyingine, Afande, zima mashine."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, gari jeupe litatoa rangi gani nyingine?

Ya kuyumba ilikuwa 550,000. Ya kuzunguka, 280,000. Nilicheka kile kicheko cha mtu aliyekuja kutazama tu, nikatoka nje na kumpigia simu jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma.

"Mashine ya nini?" akasema. "Nunua pedi peke yake. Itaingia kwenye grainda yangu, uzi wa nati ni ule ule."

Na nati ilikuwa ile ile kweli. Mpaka leo jirani anajitetea kwa hiyo nati. Alichokisahau ni kwamba mashine za kung'arishia za kuzunguka huenda mizunguko kama 600 hadi 3,000 kwa dakika, unachagua mwenyewe, na grainda yake imeandikwa ubavuni 11,000. Haina polepole. Ina kuwaka na kuzimika.

Nikanunua pedi ya manyoya ya kondoo, ile kali kuliko zote, kwa sababu ilikuwa rahisi na ilinikumbusha Idi. Nikachukua kopo la kampaundi na kikopo cha nta. Udongo niliuacha, nani atoke Bombo kwenda Kampala kununua udongo? Kanda ya karatasi niliiacha vilevile. Chenji nikala rolex mbili, zile chapati za kukunjia mayai, si za mkononi.

Jumatano mvua. Alhamisi mvua. Ijumaa asubuhi Mjomba akaenda sokoni kutafuta mchele wa walima, nami nikabaki uani na Hiace, grainda, waya mrefu kutoka sebuleni, na mbuzi mweusi wa harusi aliyefungwa kwenye mwembe.

Mzungu wa kwenye video huweka matone machache ya kampaundi, anayapaka kwenye bodi mashine ikiwa imezimwa, ndipo anaiwasha taratibu. Mimi nilichota kwa kijiko kama ninayepakua uji, nikaijaza pedi, nikaiinua grainda usawa wa kifua, nikabonyeza.

Sikuona tena kitu mpaka nilipojipangusa macho. Kopo lilikuwa limepungua robo, na hiyo robo ilikuwa ukutani, dirishani, nyusini mwangu, na kwa mbuzi. Alikuwa mweusi, sasa alikuwa kanga. Alinitazama bila kulia, kwa ule utulivu wa mnyama ambaye ameshaambiwa ya kesho.

Nikaanza na ubavu, chini ya madirisha, pale panapoonekana zaidi. Nikwambie kweli, dakika mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Bodi iling'aa nikajiona kichwa mpaka kiuno. Pedi ilitoka nyeupe kama alivyosema muuzaji. Nikaanza kupiga hesabu ya kufunga kibanda cha simu na kufungua cha kung'arisha magari.

Umeme ukakatika.

Grainda ile ina swichi ya kusukuma. Ukiisukuma mbele inakaa huko huko mpaka uirudishe. Sikuirudisha. Niliiweka juu ya kigoda, nikaingia jikoni, na Hajjat, mke wa Mjomba, akanimiminia chai na kunipa mikate miwili ya gurusa, ya moto. Nilikuwa kwenye wa pili umeme uliporudi.

Sauti yake sitaisahau. Grainda iliruka kigodani, ikaangukia pedi, na pedi ikiwa chini grainda inakuwa gari. Iliondoka. Ilikwenda kwanza kwa kuku, kuku wakapanda paa. Ikamgeukia mbuzi, mbuzi akagundua kwamba kamba yake haikuwa imefungwa vizuri. Halafu ikavuka uwanja huku ikiburuta waya kama mkia wa kenge, mpaka kwenye kamba ya nguo, ilikoanikwa kanzu ya Mjomba. Ile ya harusi. Ikaushika mkia wa kanzu, ikajizungushia kilemba safi kabisa, ikanguruma ndani kwa ndani, ikanyamaza.

Nilikimbilia sebuleni nikachomoa waya. Hajjat alisimama mlangoni na birika mkononi. "Kazi ya simu," akasema, "ilikuwa na ubaya gani?"

Kanzu tuliikata kutoka kwenye pedi kwa mkasi. Ilipungua sentimita ishirini hivi. Hajjat akasema ataipinda, Mjomba atakuwa kama mtu wa Sunna anayevaa juu ya vifundo. Lakini saa ilikuwa imekwenda, na ubavu wa Hiace ulikuwa nusu kioo, nusu chaki. Hapo ndipo nilipoharakisha. Na kuharakisha kwa grainda ni kukandamiza.

Nikasikia harufu ya plastiki ikiungua. Nikaona pedi imegeuka rangi. Kwanza nikadhani ni kampaundi imechanganyika na uchafu wa Japani. Nikaendelea. Pedi ikazidi kuwa buluu. Nikaondoa mashine, nikapangusa kwa kitambaa, na pale ubavuni ulikuwepo mraba mmoja wa buluu, umenyooka pembe zote nne, safi kama ulichorwa jana.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikasema nisawazishe. Nikasogea kushoto: nyeupe. Nikasogea tena: mraba wa pili. Nilipofika wa nne nilikuwa ninajua ninachokichimba, ila mkono ulikuwa umenogewa, kama mtu anayebandua ukoko.

Mjomba akaingia getini akiwa na wazee wawili wa msikitini, aliowaleta waje waone Hiace inavyopendezeshwa. Hakuna aliyesema kitu. Mzee mmoja akatoa miwani mfukoni, akaifuta, akaivaa, akainama. Akahesabu miraba kwa kidole.

"Hajji," akauliza kwa upole, "huyu daktari alikuwa akipeleka wagonjwa steji gani?"

Mjomba alifungua mdomo, akaufunga. "Labda Osaka nako wana taksi," akasema.

Fundi rangi aliitwa haraka. Alikuja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika, akaanza kuibandika bodini. Kwenye bati sumaku hushika; palipobonyea pakazibwa kwa puti inaanguka. Ubavu wa kulia ilishika. Mlango wa mbele ikaanguka. Kona ya nyuma ikaanguka. Chini ya taa ikaanguka mpaka ikabidi aitafute nyasini.

"Japani nako watu hugongana," Mjomba akasema, lakini sauti ilikuwa imekwisha.

Fundi akasema ubavu mzima upigwe msasa, praima, rangi upya, na ukauke. Siku tatu akijitahidi. Nikaha ilikuwa imebakiza saa ishirini na nne.

Ni Hajjat aliyetuokoa. Usiku ule akashona utepe mpana wa satini, mweupe na wa dhahabu, tukauzungusha Hiace nzima juu ya miraba, tukabandika na maua ya plastiki. Asubuhi ilipendeza, nasema kweli. Bwana harusi akapanda, wazee wakapanda, mbuzi aliyepatikana kwa majirani alikuwa ameshatangulia. Mjomba akashika usukani na kanzu yake fupi. Mimi nikakaa kando ya mlango wa kuvuta, kwa sababu ndipo palipobaki.

Barabara ya Gulu imenyooka, na Mjomba akiwa na hasira huendesha kwa kasi. Kabla ya Wobulenzi utepe ukaanza kupigapiga. Kisha nikasikia mlio kama wa kanga inayochanika, na kupitia kioo cha nyuma nikaona satini yote ikielea juu ya barabara, ndefu, ya dhahabu, ikipungia lori la matofali. Niliamua kutosema.

Wobulenzi, pembeni ya barabara, mama mmoja alikuwa amesimama na kikapu na kuku kwapani. Akatutazama. Akaitazama miraba. Akanyoosha mkono.

Nilitegemea tutampita kama upepo. Lakini Hiace ilipunguza mwendo, ikavuta kando, ikasimama, na mlango, naapa sikuugusa isipokuwa kidogo sana, ukakimbia wenyewe mpaka mwisho. Mama akapanda, akamwambia bwana harusi asogee, akakaa. Kuku akamweka juu ya miguu ya mzee mwenye miwani. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Luweero mjini akagonga paa, akashuka, akanikabidhi noti ya elfu tano. Nilibaki nimeishika, sijui niifanyeje. Mjomba alikuwa akitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Konda," akasema bila kugeuka, "mpe mama chenji yake."