Kabla ya Ziara ya Maabara, Wape Bomba la Sindano

Miradi mingi ya kuwavutia wanafunzi wa shule za kata kwenye bioteknolojia hufuata njia moja. Basi linakodiwa, vijana wanapelekwa kuona maabara kubwa mjini, wanapigwa picha wakiwa na makoti meupe, kisha wanarudi kwenye shule ambayo vifaa vyake hutolewa kabatini mtihani wa vitendo unapokaribia. Ziara haina ubaya. Lakini kinachomtenga kijana huyu na mwenzake wa shule yenye uwezo ni mazoezi ya mikono, na hayo hayapatikani kwa kutazama.

Tuanze na kupima. Bomba la sindano la 1 ml, lisilo na sindano, lina mistari ya 0.01 ml, yaani mikrolita 10 kila mstari. Mwanafunzi avute 0.50 ml ya maji, ayadondoshe kwenye kifuniko kilicho juu ya mizani ndogo ya kusoma 0.01 g, aandike uzito, arudie mara 10. Maji ya 0.50 ml yana uzito wa 0.50 g, kwa hiyo mizani yenyewe ndiyo inayosahihisha. Mwanzoni namba zitatawanyika: kuna kiputo cha hewa, kuna tone lililoning'inia nje ya ncha, kuna anayesoma ukingo wa chini wa mpira badala ya ule wa juu unaogusa maji. Asiendelee hadi vipimo vyake vyote 10 viwe kati ya 0.48 na 0.52.

Ukali huo una sababu. Kuhesabu bakteria kwenye maziwa au maji huhitaji kuzimua sampuli kwa hatua, moja kwa kumi, pengine mara 6 mfululizo. Kosa la asilimia 10 kwa kila hatua, likielekea upande uleule, hufanya jibu la mwisho lizidi kwa takriban asilimia 77. Kijana akilipiga hesabu hilo mwenyewe, hutahitaji kumhubiria umakini.

Zoezi linalopendwa sana kwenye klabu za sayansi ni la kutoa DNA kwenye ndizi kwa sabuni, chumvi na spiriti baridi. Ni zuri kwa saa moja. Ila ule utando mweupe unaoelea una pektini (utomvu wa tunda) na protini nyingi pamoja na DNA, na mwanafunzi hana njia ya kujua kama amefanya vizuri au vibaya. Sisi tungetumia muhula kutengeneza mbegu za uyoga, yaani nafaka iliyoenewa na nyuzi nyeupe za uyoga, kwa sababu humo kosa halijifichi.

Mtama huloweshwa usiku kucha, huchemshwa hadi ulainike bila kupasuka, huanikwa hadi usiache unyevu kiganjani. Jaza theluthi mbili ya chupa, ziba kwa pamba, funika pamba kwa foili. Kwenye sufuria ya presha, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuweka kile kizito kinachoziba tundu la mvuke kwenye mfuniko, kwani hewa iliyobaki ndani hushusha joto hata kama presha inaonekana imefika. Nafaka huhitaji dakika 90 kwa digrii 121. Hapa mahali pana neno lake: presha inayotoa digrii 121 Dar es Salaam huishia karibu 118 Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Huko ongeza muda. Sufuria nyingi za nyumbani pia hazifiki 121 popote zilipo.

Chupa zipoe kabisa kabla ya kufunguliwa. Kazi ifanyike ndani ya sanduku la plastiki angavu lenye matundu mawili ya mikono, lililofutwa kwa spiriti ya asilimia 70. Ya asilimia 95 hukauka upesi mno, na maji yaliyomo kwenye ile ya 70 ndiyo yanayosaidia kuharibu protini za vijidudu. Mwalimu asiruhusu moto ndani ya sanduku hilo, kwa sababu mvuke wa spiriti hulipuka.

Kila kikundi kiwe na chupa tatu: moja inatiwa kijiko cha mbegu za uyoga zilizokwisha kuwa tayari, ya pili inafunguliwa na kufungwa bila kutiwa kitu, ya tatu haifunguliwi kamwe. Ya tatu ikioza, uchemshaji haukutosha. Ikiharibika ya pili wakati ya tatu ni safi, tazama mikono na hewa. Ikichafuka ya kwanza peke yake, shuku mbegu. Harufu ya uchachu na ute ni bakteria, mara nyingi kwa sababu mtama ulikuwa na maji mengi. Rangi ya kijani ni ukungu. Ikienda vizuri, chupa hujaa weupe kwa wiki mbili hadi tatu.

Kwenye vikundi, wavulana hushika vifaa na wasichana huachiwa kalamu. Zungusha zamu kwa orodha iliyobandikwa ukutani, usitegemee hiari. Daftari liandikwe kwa wino, lenye tarehe, kosa likatwe kwa mstari mmoja bila kufutwa. Ruhusu maelezo ya kwanza kwa Kiswahili. Kijana anayepambana na Kiingereza huishia kunakili hitimisho la jirani, na fikra yake inapotea.

Njia za mbele pia zitajwe kwa majina. Anayepata nafasi ya kidato cha tano asome PCB (fizikia, kemia na biolojia) au CBG (kemia, biolojia na jiografia), kisha kuna shahada za fani hii Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA). Asiyepata asiambiwe safari imekwisha: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) hufundisha stashahada ya sayansi na teknolojia ya maabara. Kiwanda cha Kibaha kinachozalisha viuadudu vya kibaiolojia dhidi ya viluwiluwi vya mbu huishi kwa kukuza bakteria anaowataka na kuwazuia asiowataka, na kazi hiyo ni ya mafundi kila zamu. Mwanafunzi aende kuomba nafasi ya mafunzo akiwa na daftari lake la chupa tatu, kurasa za mbegu zilizooza zikiwemo.