Bahasha Zinazoiga Serikali Zipigwe Marufuku Moja kwa Moja

Ukisajili kampuni hapa Marekani, mara nyingi jina na anwani yako vinaingia kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma. Haichukui muda, bahasha zinaanza kumiminika: zina kidirisha, picha ya ndege tai kama wa nembo ya Marekani, namba ya fomu na tarehe ya mwisho ya kujibu. Juu kumechapwa onyo la faini ya dola 2,000 na kifungo cha miaka mitano. Onyo lenyewe linamhusu anayezuia barua kufika, lakini mpokeaji akiona neno kifungo anatafuta kadi ya benki.

Ndani ni biashara tupu. Wanakuuzia mabango ya sheria za kazi, ambayo Wizara ya Kazi inayatoa bure kwenye tovuti yake. Ukinunua nyumba, wanakuuzia nakala ya hati yake kwa makumi ya dola, wakati ofisi ya kaunti inaitoa kwa dola chache.

Kinachoniudhi ni kwamba sheria imewaachia mlango. Sheria ya posta, iliyokazwa mwaka 1999, inaizuia posta kubeba tangazo linaloweza kudhaniwa limetoka serikali ya shirikisho, isipokuwa limeandikwa kwamba halitoki serikalini, na bahasha iseme kuwa hii si hati ya serikali. Basi muuzaji anachapa sentensi hiyo, kisha anaizungushia tai, mihuri na vitisho. Kanuni ya mwaka 2024 dhidi ya kujifanya serikali imeongeza makali, lakini mwenye sentensi yake bado ana pa kujitetea. Na bahasha ikiiga kaunti badala ya Washington, hiyo sheria ya posta haiigusi; unabaki na kanuni ya 2024 na sheria za jimbo lako.

Mtaniambia nimekaa ughaibuni nikasahau zile meseji za utapeli za kwetu Tanzania, "ile hela tuma kwenye namba hii". Sijasahau. Ila anayezituma ni tapeli, na hakuna sheria ya Tanzania inayomwelekeza namna ya kuandika meseji yake. Wengine mtasema ninajipendekeza kwa serikali ya nyumbani. Hapana! Mfumo ukikwama siku ya mwisho ya kulipa kodi, hasira zenu ni zangu pia. Lakini kontrol namba ni jambo ambalo tumelipatia: ada ya BRELA, wakala wa kusajili biashara, au ya ardhi inalipwa kwa namba iliyotoka kwenye mfumo wa malipo wa serikali wenyewe, na karatasi isiyo nayo haina dai lolote kwako. Kenya nao wana 222222, namba ya kulipia huduma za serikali kwenye tovuti ya eCitizen. Huku Marekani kila jimbo, kila kaunti ina njia yake ya kulipwa, na humo ndimo wauza bahasha wanamojificha.

Bunge la hapa lifute hilo "isipokuwa" la sheria ya posta. Tangazo la biashara lisibebe tai, muhuri, namba ya fomu wala kifungu cha sheria ya jinai.

Kwa sasa, anzeni na kona ya stempu: PRSRT STD ni nauli ya matangazo ya jumla, ankara ya serikali haiji hivyo. Someni maandishi madogo, hata ya nyuma. Msipige simu iliyo kwenye barua. Tafuteni wenyewe tovuti ya ofisi husika, nyingi huishia na .gov. Kama mmeshalipa kwa kadi, yapingeni malipo benki mapema. Bahasha msiitupe, kwa sababu wapelelezi wa posta na mwanasheria mkuu wa jimbo watataka kuiona pamoja na barua.