Plazima baridi mbele ya punje ya pilipili manga

Chukua punje moja ya pilipili manga uitazame kwa karibu. Ngozi yake imekunjamana, na ndani ya mikunjo hiyo, hasa ikiwa ilianikwa chini, hujificha spora za bakteria wa udongoni kama Bacillus cereus. Spora ni bakteria aliyelala ndani ya ganda gumu. Pilau ikichemka, bakteria hufa, spora hazifi. Sufuria ikiachwa jikoni usiku kucha ipoe polepole, spora huamka, bakteria huzaana na kuacha sumu ya kutapisha ambayo hata ukipasha kiporo asubuhi haitoki.

Kuua spora ni kazi ngumu. Hospitali hutumia mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, dakika 15 au zaidi. Pilipili ukiitendea hivyo, harufu yake kwaheri. Gesi ya ethilini oksidi huziua vizuri, ila husababisha saratani na Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye chakula. Mionzi ya gama nayo inafaa, lakini wanunuzi wengi huiogopa.

Ndiyo maana plazima baridi, yaani gesi iliyochangamshwa kwa umeme bila kuwa moto, inavutia. Umeme wa volti kubwa hupitishwa hewani. Elektroni hupata nguvu nyingi, hewa yenyewe ikibaki karibu na joto la chumbani. Huzaliwa ozoni, oksidi za nitrojeni na miali ya urujuanimno, ambavyo hutafuna ganda la spora na kukatakata DNA. Hakuna maji, na umeme ukizimwa sehemu kubwa ya kemikali hizo hutoweka.

Wenye shaka, hata hivyo, hawasemi ovyo. Plazima hushambulia juu juu tu. Maabara hutandaza spora kwenye kioo safi, kila moja ikiwa wazi. Kwenye punje zimerundikana, na iliyokufa juu humkinga mwenzake wa chini kama mwavuli. Ukiongeza muda ili kuifikia ile ya chini, mafuta ya kiungo huanza kuoksidika. Tena matokeo hubadilika kwa aina ya gesi, unyevu na volti, kwa hiyo “dakika tano” za mashine moja si dakika tano za nyingine.

Jina nalo hupotosha. Zipo mashine za hospitali za kutakasa vifaa ziitwazo za plazima, lakini humo muuaji mkuu ni mvuke wa haidrojeni peroksaidi. Plazima husaidia zaidi kuvunjavunja mabaki yake. (Muuzaji hatakwambia hilo kwanza.)

Mimi ningeijaribu kwa punje nzima, zikigeuzwageuzwa ndani ya pipa ili kila upande uguswe, na lengo liwe kupunguza spora, si kuzimaliza. Hata hivyo ningeanza na uanikaji: pilipili iliyoanikwa juu ya kichanja hufika kiwandani na spora chache zaidi kuliko iliyolala mchangani. Pilipili ya unga ni habari nyingine. Chembe hufunikana, umeme hugusa za juu tu, na kwa mzigo wa namna hiyo mashine hii nisingeinunua hata kwa nusu bei.